Antena ya ndani Mji Mkongwe: tafuta pahala pa kuiweka kabla hujatoa pesa

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kuhusu antena ya ndani: umepanga Shangani, ghorofa ya kwanza, mwenye nyumba hataki uguse paa lake, na Darajani umeoneshwa antena bapa kama karatasi, boksi limeandikwa HD, yaani picha kali, na kwamba inanasa kutoka maili 200. Unataka kujua kama uinunue. Mimi nimekaa Malindi miaka sita katika nyumba ya mawe, kisha nikahamia Fuoni chini ya mabati, na antena za ndani nimeshanunua tatu. Nakueleza niliyoyaona.

Maandishi ya boksi yasikushughulishe. Hakuna antena ya HD. Antena ni chuma kinachonasa mawimbi, haijui kama mawimbi hayo yamebeba picha ya HD au ya kawaida. Hata antena kongwe ya mzee wako, maadamu ni ya masafa ya UHF, ndiyo yanayobeba chaneli zetu za dijitali, na haijaliwa na kutu, itakuletea HD sawasawa na hiyo mpya. Na hizo maili 200 ni uongo mtupu. Ni zaidi ya kilomita 320, na Unguja yetu nzima kutoka Nungwi hadi Makunduchi haifiki kilomita 90. Mawimbi ya UHF hwenda karibu na mstari ulionyooka, na dunia imepinda. Mnara wa mita 100 upeo wake ni kilomita 40 hivi, ukiongeza kidogo kwa kimo cha pale ulipo wewe. Karatasi iliyobandikwa ukutani haiwezi kuchungulia nyuma ya mgongo wa dunia.

Wazee watasema mbona zamani watu wa Dar wakiitazama TVZ, televisheni yetu ya Zanzibar, tangu miaka ya 1970, wakati bara hawana kituo chao. Ni kweli, lakini wakisimamisha antena kubwa juu ya milingoti mirefu, kati yao na sisi ni bahari tupu, na picha ikija na chenga wakiivumilia. Dijitali haina chenga. Ama picha imekaa safi, ama inavunjika vipande vipande, sauti inakatika, halafu kioo kinakuwa cheusi. Katikati hapana kitu. Ndiyo maana jirani anaona vizuri na wewe huoni kabisa, na tofauti yenu pengine ni ndogo sana.

Sasa nyumba zetu. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita na kuzidi, na masika unavuta maji. Mawimbi yakipita humo yanachoka. Antena yangu ya kwanza niliibandika nyuma ya TV, kwenye ukuta wa ndani, kwa sababu ndipo ilipopendeza. Sikupata chaneli hata moja. Nikairudisha dukani, muuzaji akanishauri nichukue yenye busta, yaani kikuza mawimbi, kubwa zaidi. Nikachukua, matokeo yale yale. Busta inakuza kile kilichokwisha kunaswa tu, na kama kilichonaswa ni kelele, utapata kelele kubwa. Kazi yake khasa ni kufidia kinachopotea njiani waya ukiwa mrefu. Ukiwa karibu na mnara inaweza hata kukuharibia, kwa sababu king'amuzi kinazidiwa.

Kilichonitoa ni dirisha. Jioni moja nilimweka mdogo wangu mbele ya TV, tumefungua ukurasa wa king'amuzi wenye mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Nilimwambia wa nguvu auwache, anisomee ubora tu. Mimi nimeshika antena dirishani. "Ishirini." Nikaisogeza shibiri moja kushoto. "Arubaini na tano." Shibiri nyengine. "Imekufa!" Nikarudi nusu shibiri, nikaipandisha juu kidogo ya fremu. "Sabini na mbili, hapo hapo usitikisike!" Nikaifunga kwa uzi kwenye ubao wa dirisha, na ilikaa pale mpaka nahama.

Sababu ya shibiri kuwa na maana ni hii: mawimbi ya megahezi 500 urefu wake ni sentimita 60. Katika vichochoro vyetu yanagonga ukuta huu na ule, yanakutana, pahala yanaongezeana nguvu na pahala yanauana, na kati ya pazuri na pabaya ni kama sentimita 15 tu. Kwa hiyo usisogeze kwa hatua za miguu, sogeza kwa vidole. Na ukishapata, jaribu kuilaza na kuisimamisha, maana mawimbi yana ulalo wake. Angalia pia wavu wa mbu: ukiwa wa waya wa chuma, unazuia mawimbi kama unavyozuia mbu. Wa plastiki hauna neno. Nondo zikiwa karibu zinasumbua, ipe antena nafasi nazo.

Jambo jengine limenila miezi mitatu na bado linanikera nikiliona kwa watu. Kama king'amuzi umekiunga na TV kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hutaona HD abadan, hata antena iwe ya dhahabu. Ile ya njano haibebi. Tumia waya wa HDMI. Kama TV yako ni mpya, tazama kwenye kitabu chake kama ina T2 (DVB-T2) ndani, ndiyo mfumo wetu wa TV ya dijitali ya antena Tanzania. Ikiwa nayo, chaneli zisizofungwa utazipata bila king'amuzi.

Kwa Fuoni sitakudanganya, chini ya mabati antena ya ndani ilinishinda. Niliitoa nje ukutani, waya mnene wa antena uitwao RG6, maungio nimeyafunga kwa mpira maana chumvi ya upepo hula shaba haraka. Mama yangu Wete naye vivyo hivyo, bondeni pale hakuna cha ndani kilichosaidia.

Ukinunua, chukua ya bei ndogo, isiyo na busta au yenye busta inayochomoka. Zile zenye masikio marefu mawili na duara katikati zinafaa: masikio ni ya VHF, masafa ya chini zaidi, duara ndilo la UHF, na sisi tunahitaji duara. Waya wake uwe wa kufika dirishani bila kukatwa na kuungwa. Bora zaidi, azima ya mtu siku mbili kabla hujatoa senti, ujaribu asubuhi na usiku.

Hebu niambie kwanza dirisha lako linaangalia baharini au linaangalia Ng'ambo? Kwa upande wako minara ya Masingini, inayorusha chaneli, iko kaskazini mashariki, na kama madirisha yote ni ya baharini, usinunue mpaka umemuomba jirani wa nyuma akujaribishie kwake.