"Huingiza faili yenyewe": yenyewe ni ipi?

SWALI: Naandika maelezo ya zana ndogo inayochukua faili za sauti kwenye folda na kuzipanga ndani ya programu ya kutengenezea muziki bila mtumiaji kuzigusa. Niliandika, "Zana hii huagiza faili yenyewe." Mwenzangu kafuta "huagiza" kaweka "hupakia", halafu akasema hilo "yenyewe" halieleweki. Nani kapatia?

JIBU: Kwenye kitenzi hamkupatia nyote wawili. Kwenye "yenyewe" mwenzako ana haki, na hapo ndipo penye uzito.

"Zana hii" na "faili hii" ziko katika ngeli moja, kwa hiyo "yenyewe" inaweza kurejea kokote. Huenda unasema zana inajitegemea. Huenda pia unasema kinachoingizwa ni faili halisi, si kitu kingine badala yake. Katika maongezi msikilizaji angekisia, mambo yakaenda. Kwenye maelezo haya kukisia kuna hasara, kwa sababu programu za muziki hupokea sauti kwa namna mbili: ama hunakili faili kwenye folda ya mradi, ama huiacha ilipo na kukumbuka tu mahali ilipo. Anayesoma kwamba "faili yenyewe" imeingia anaweza kuifuta ile ya awali ili apate nafasi. Kama programu yake ilikuwa ikikumbuka mahali tu, siku atakayoufungua tena mradi atakuta traki (njia ya sauti ndani ya mradi) kimya. Zaidi ya hayo, sauti iliyorekodiwa kwa sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde ikiingia kwenye mradi wa 48,000, baadhi ya programu hutengeneza nakala iliyogeuzwa. Hapo "faili yenyewe" si kweli hata kidogo.

Usidhani wingi utakuokoa. "Zana hii huingiza faili zenyewe" haina utata tena, ila imeangukia upande usioutaka: zana moja haiwezi kuwa "zenyewe", basi sifa ya kujiendesha imepotea kwenye sentensi. Nao wanaosema "mafaili" wanarudi palepale, maana mafaili pia ni "yenyewe". Ukiisogeza mbele, "zana hii yenyewe huingiza", inasikika kama unaitofautisha na zana nyingine. Na tafadhali usikimbilie "hujiingiza". Kujiingiza ni kujitia katika jambo, mara nyingi lisilokuhusu, na hakuna anayetaka programu ya tabia hiyo kwenye kompyuta yake.

Tumia "kiotomatiki". Najua wapo wasioipenda, lakini imejengwa kwa ki- ileile ya "kitaalamu" na "kisasa", na haifuati ngeli ya nomino yoyote, ndiyo maana haileti utata. Iweke jirani na kitenzi: "huingiza kiotomatiki".

Sasa vitenzi. Kuagiza ni kutaka kitu kiletwe; yuko anayeagiza na yuko anayeleta. Wafanyabiashara huagiza bidhaa kutoka nje, na nadhani huko ndiko ulikolitoa. Zana yako haimwagizi mtu, inajiendesha yenyewe. (Hapo hakuna utata, kwa kuwa nomino ya ngeli hiyo ni moja tu.) Kupakia nako kumekwisha kuchukuliwa: watumiaji wa intaneti hupakia picha mtandaoni na kupakua video, jozi iliyofuata mtindo wa funga na fungua. Ukisema zana "hupakia" sauti, mwanamuziki anayelinda kazi ambayo haijatoka atashtuka akidhani imetumwa kwenye seva.

"Ingiza" inatosha. Ni kweli tunaingiza nenosiri pia, lakini yambwa inatofautisha, na ukitaja kinakoingia, "kwenye traki", hakuna swali linalobaki. "Leta" nayo hutumika kwenye menyu na inapendeza juu ya kitufe. Tatizo lake ni kwamba humtazama msemaji alipo, wakati zana yako inafanya kazi pembeni bila kuitwa na mtu. Hata hivyo, kama programu ya muziki yenye menyu ya Kiswahili imekwisha chagua "Leta", ifuate. Mtumiaji akikuta neno moja kwenye skrini na jingine kwenye maelezo, atadhani ni vitu viwili. Kwa kinyume cha kuingiza napendekeza "toa" kuliko "hamisha", kwani aliyehama haachi kitu nyuma, ilhali faili hubaki mradini.

Jambo dogo la mwisho: umeandika vizuri "programu ya kutengenezea muziki", kwa kauli ya kutendea inayoonyesha kitumizi. Basi iwe pia "zana ya kuingizia faili".

Ningeandika hivi: "Zana hii huingiza kiotomatiki faili za sauti kwenye programu yako ya muziki. Hunakili kila faili kwenye folda ya mradi na kuipa traki yake." Kama hainakili, badilisha sentensi ya pili: "Huacha kila faili ilipo, kwa hiyo usiifute wala kuihamisha."