Maswali ya Wasomaji: Wanataka Niandike Yote Niyajuayo

SWALI: Bwana Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni nahodha wa mashua ya watalii hapa Lamu, na mwajiri wangu nimemtumikia miaka 18. Meneja mpya ametutangazia kuwa kampuni sasa ni "taasisi inayojifunza", hivyo kila mmoja aandike kwenye kompyuta yote ayajuayo: njia, vina vya maji, dalili za upepo, hata majina na simu za wavuvi wanaotuuzia samaki. Wakati huohuo vijana wawili wa mkataba wa miezi mitatu wamewekwa chomboni wanitazame. Nikikataa nitaitwa mkaidi; nikikubali, naona najichimbia kaburi. Nifanyeje?
Nahodha, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, Nahodha. Hofu yako ina msingi, na ni ya zamani. Mwaka 1911 mhandisi Mmarekani Frederick Winslow Taylor aliandika bila kuficha kuwa jukumu la mameneja ni kuukusanya ujuzi wa jadi uliokuwa kwa wafanyakazi, kisha kuugeuza kanuni na majedwali. Ujuzi ulipohamia ofisini, uamuzi nao ulihamia huko, na fundi akabakiwa na kutii. Jina analolitumia meneja wako ni la karibuni zaidi: lilivuma kwa kitabu cha mwaka 1990 cha Peter Senge, msomi Mmarekani wa uongozi, kinachohimiza watu wa kazini wajifunze kwa pamoja. Nia ni njema, ila nionavyo mimi, wengi wanaolikariri jina hilo hawaulizi ni nani chomboni awezaye kumfukuza mwenziwe.

Hata hivyo si kila ulichonacho kinaandikika. Mwanafalsafa Michael Polanyi alisema mwaka 1966 kuwa tunajua zaidi ya tuwezavyo kueleza, na wewe unalijua hilo kuliko sisi wa mezani. Unaweza kuandika kuwa Mkanda, ule mlango wa maji kati ya Manda na bara, hupitwa maji yakijaa, na kwamba siku za maji mafu hata yakijaa hayajai kama ya bamvua, yanapopanda sana. Lakini namna unavyoitambua rangi ya maji juu ya fungu, au unavyohisi kusi inabadilika kabla tanga halijatikisika, hayo kijana atayapata kwa kukaa nawe shikioni misimu kadhaa, na miezi mitatu haitoshi. Usilitegemee sana jambo hili, kwani wako wenye vyombo wanaolitambua baada ya mashua kukwama.

Kwa hiyo andika, na uanze na yanayohusu roho za watu, kwa kuwa hatari ya baharini si siri ya kuwekewa bei. Kisha mpime meneja. Chris Argyris, msomi Mmarekani wa namna taasisi zinavyojifunza, alitofautisha kurekebisha kosa ndani ya kanuni na kuihoji kanuni yenyewe. Mwambie kuwa ratiba ya safari za msimu wa kusi haifai na kwamba uamuzi wa kutong'oa nanga uwe wa nahodha. Akikusikiliza, mnajifunza nyote. Akikwambia wewe jaza fomu tu, basi mwanafunzi ni kampuni na wewe ndiwe kitabu.

Kuwafunza vijana ni kazi mpya. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mabadiliko ya masharti ya kazi yafanywe kwa kushauriana nawe na uarifiwe kwa maandishi, basi omba ukufunzi uandikwe kwenye mkataba pamoja na malipo yake. Sheria hiyohiyo haikubali malalamiko ya haki yawe sababu ya kumwachisha mtu kazi. Na ukipunguzwa kwa kuwa nafasi yako imeondolewa, unastahili si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimiza. Weka nakala ya kila ulichokiandika kuhusu mkataba huo, yenye tarehe.

Majina na simu za wavuvi usiyaandike kwanza. Hayo si yako wala ya meneja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuarifiwa taarifa zake zitatumiwa vipi. Waulize wenyewe bandarini watakaporudi.