Mbona SMG nyingine imekatwa mdomo mshazari?

SWALI: Kaka habari za kazi. Juzi nilikua benki hapa Dodoma, askari mlangoni ana SMG, ile bunduki ya AK, mdomo wake umekatwa mshazari kama kalamu ya mwanzi, mwenzake yake iko kawaida tu. Kijiweni wananambia ile imekatwa ili isipige teke, ni kweli?

JIBU: Mdogo wangu, hapo kijiweni wamechanganya vitu viwili. Kuna teke na kuna mtutu kupanda. Teke ni lile pigo la begani, risasi yake ina kama gramu 8 na inatoka mita 700 na kitu kwa sekunde, gesi ya baruti nayo inatoka nyuma yake, sasa bunduki lazima irudi nyuma, hilo halikwepeki. Ila mtutu umekaa juu kuliko pale kitako kinapogusa bega, kwahiyo ile nguvu ya kurudi nyuma inaunyanyua mdomo, ukiachia mfululizo ya kwanza inapiga shabaha ya tatu inaenda hewani, na kwa anaetumia mkono wa kulia inavuta na kulia pia.

Huo mshazari unashughulika na hilo la pili. Warusi waliuweka kwenye AKM, ile AK iliyoboreshwa ya 1959. Uwazi umeelekezwa juu kulia, gesi ikichomokea huko inausukuma mtutu chini kushoto, basi. Kipande kidogo cha chuma, hakina hata springi, mi nakipenda sana kwa hilo! Begani lakini teke utalisikia karibu lilelile. Hiyo ya mwenzake huenda ni Type 56, AK ya Mchina, nyingi hazina hicho kitu.

Ukitaka teke lenyewe lipungue inabidi uongeze uzito wa bunduki, au upunguze uzito wa risasi, au uitumie gesi iivute bunduki mbele. AK-74, ile iliyofuata baada ya AKM, ilifanya hayo mawili ya mwisho, risasi ikashuka mpaka gramu 3 na nusu hivi, inaenda mita 900 kwa sekunde lakini ukizidisha uzito kwa kasi unapata karibu nusu ya ile ya zamani, halafu mdomoni wakafunga breki ndefu yenye vyumba, gesi inagonga ukuta wa mbele inaivuta bunduki. Anaepiga anafurahi, ila gesi na kelele vinatokea ubavuni, aliyelala pembeni yake ndo masikio yanamuuma.