Kabla mhusika wako hajasamehe: jibu kwa msomaji wa hadithi yangu ya Hola

Juzi nilipokea ujumbe wa msomaji kijana, naye ni mwandishi, aliyeisoma hadithi yangu fupi ya kisayansi mpaka mwisho kisha akaniuliza kwa uchungu kwa nini nilimwachilia yule mzungu. Yeye mwenyewe anaandika hadithi ya ubaguzi wa rangi, na mhusika wake amefika mahali ambapo kisasi kiko mkononi mwake. Ninamjibu hapa kwa sababu ninaamini wengi wenu mna hadithi ya namna hiyo mliyoianza na hamjaimaliza.

Hadithi yangu inatokea Malindi, mwaka 2071. Mashine zimepata uwezo wa kuamsha akili za watu waliohifadhiwa kwenye baridi kali baada ya kufa, na Wanjiru, fundi wa mashine hizo, anakabidhiwa ofisa wa zamani wa kikoloni aliyekuwa Hola, kambi ya kizuizini ya Waingereza nchini Kenya. Wanjiru ni kitukuu wa mmoja wa waliouawa huko. Kwa kubonyeza kitufe kimoja anaweza kumtia ofisa yule ndani ya mwili wa mfungwa, apigwe, afe, aamke, apigwe tena, bila kikomo.

Hola sikuibuni. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi hiyo iliyo karibu na Mto Tana, wafungwa wa kizuizini waliotuhumiwa kuwa wa Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni, na waliokataa kufanyishwa kazi kwa nguvu walipigwa marungu mpaka 11 kati yao wakafa. Askari waliowapiga walikuwa Waafrika, lakini mpango na amri vilitoka kwa wazungu. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa mkokoteni. Uchunguzi wa vifo ulibainisha kuwa walikufa kwa majeraha ya kipigo, na bado hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Kila ninaposoma habari hizi, yale maji ndiyo yanayonikaa kooni, kwa maana ni uongo uliotungwa na watu walioamini kwamba kifo cha Mwafrika hakihitaji hata maelezo ya kueleweka.

Nilijifunza kuiandika hasira hiyo nilipokuwa nikisoma Ulaya. Nilipiga simu kuulizia chumba, nikaambiwa kipo, niende mara moja. Mwenye nyumba alifungua mlango kadiri mnyororo ulivyoruhusu, akaniangalia usoni, akasema chumba kimeshachukuliwa. Nyuma ya bega lake niliuona ufunguo ukining'inia kwenye msumari, na kikaratasi chenye namba ya chumba kimefungwa kwa uzi mwekundu. Miaka imepita, na ufunguo ule ninaweza kuuchora hivi sasa nikiwa nimefumba macho. Usiku ule nilimtungia mtu yule adhabu za kila namna, na katika zote hakuna iliyonituliza isipokuwa ile ambamo alisimama mbele yangu na kusema: chumba kipo, nilikunyima kwa sababu ya rangi yako.

Hadithi ya Wanjiru ilizaliwa hapo. Anamuuliza ofisa wake swali moja tu: walikufa kwa nini? Anajibu kwamba ni maji. Anamuuliza tena, kidole kikiwa juu ya kitufe, naye anarudia kwamba ni maji. Ukurasa baada ya ukurasa sikumpunguzia Wanjiru uwezo wake hata kidogo, mpaka mzee yule anasema kwamba hawakunywa, kwamba alikuwapo na aliona. Ndipo Wanjiru anapoizima mashine na kumpa mauti ambayo mzee huyo alikuwa ameyakimbia kwa miaka mingi. Iliposomwa mbele ya hadhira mjini Mombasa, ukumbi ulinyamaza, kisha mama mmoja akasimama na kulitaja jina la baba yake aliyefungwa kizuizini. Ninajivunia jioni ile kuliko tuzo yoyote.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mpe mhusika wako nguvu kamili ya kulipiza kisasi, kwa sababu msamaha wa mtu asiye na uwezo wa kudhuru ni unyonge tu. Litaje kosa lenyewe, lishikike kama kitu, na umlazimishe mkosaji alitaje pia. Angalieni Afrika Kusini, ambako Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi za ubaguzi wa rangi, ilidai ukweli wote kabla ya kumpa mkosaji kinga dhidi ya mashtaka, na kati ya maombi zaidi ya 7,000 yaliyokubaliwa yalikuwa 849 tu. Angalieni pia Uingereza, ambayo mwaka 2013 ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya enzi za Mau Mau na kukubali kuwalipa Wakenya 5,228, huku ikiendelea kukana wajibu wa kisheria. Ndugu zangu, tusiandike wahusika weusi wanaosamehe ili msomaji mweupe alale vizuri. Tumezoeshwa kuhubiriwa msamaha na wale wale waliotukosea, na kalamu zetu zisiwe mimbari yao.

Nawe uliyeniandikia, mrudishe mhusika wako chumbani kwa adui yake, akiwa na silaha inayofanya kazi, na uandike swali lake kabla ya uamuzi wake. Adui akikataa kujibu, mwache mhusika wako aondoke bila kusamehe, nami nitaisoma hadithi hiyo kwa heshima ile ile.