Anza na behewa, osha kabla ya kupaka: niliyojifunza nikiunda treni ndogo za mvuke

Wengi wanaoniuliza kuhusu treni ndogo ninazounda huja na swali la rangi. Wameona picha ya injini yangu ya mvuke ya aina ya Garratt, ule wekundu ulioiva wa damu ya mzee, mistari ya njano ikizunguka tangi, na wanataka kujua nilinunua rangi gani na wapi. Nitafika huko. Lakini rangi ile ilifanikiwa siku nyingi kabla sijafungua kopo, nikiwa nimeinama kwenye karai la maji ya uvuguvugu, na mswaki wa zamani mkononi na Vim ya kuoshea sufuria pembeni.

Injini yenyewe ni Garratt ya daraja la 59 ya Reli ya Afrika Mashariki. Ziliundwa 34 kule Manchester, katika kiwanda cha Beyer, Peacock, miaka ya 1955 na 1956, na zikapewa majina ya milima. Boila moja kubwa imebebwa katikati. Mbele yake na nyuma yake kuna injini mbili kamili, kila moja na silinda na magurudumu yake. Ndiyo maana mashine yenye urefu wa karibu mita 32 na uzito wa zaidi ya tani 250 iliweza kupinda kwenye kona kama jongoo. Mbili zimebaki, zote ziko Makumbusho ya Reli hapa Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Mjomba wangu alifanya kazi juu ya injini hizi akisimamia moto, kati ya Mombasa na Nairobi. Seti ya kuunganisha ya injini hii ndogo niliitamani tangu nilipojua kuwa vitu kama hivyo vipo, na nilipoipata niliiweka juu ya kabati miaka minne bila kufungua boksi.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa naunda mabehewa.

Na wewe fanya hivyo. Usianze na injini unayoipenda. Nunua behewa la mizigo la plastiki, la magurudumu manne, la bei ndogo kabisa utakayopata, hata kama ni la makaa ya mawe la Uingereza ambalo halikuwahi kukanyaga reli ya kwetu. Behewa hilo litakufundisha kukata kipande kutoka kwenye fremu yake kwa wembe badala ya kukinyofoa kwa vidole, kupiga tupa bila kula kona, kutia tone la gundi kwa ncha ya brashi badala ya kumwaga. Liweke juu ya kioo bapa kabla gundi haijakauka na ubonyeze kila kona kwa kidole. Likicheza, gurudumu moja haligusi chini, na behewa la namna hiyo litaanguka kwenye kila kona ya reli yako. Rekebisha hapo hapo. Kesho gundi itakuwa imekuwa jiwe. Kisha litie uzito: mimi hufuata gramu 25 kwa kila ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli mbili nalifikisha gramu 50 kwa vipande vya risasi vilivyofichwa chini ya sakafu.

Unda matatu. La tatu ndilo litakaloanza kukupendeza.

Kabla ya kununua zaidi, amua kipimo. Duniani wengi hutumia kipimo cha 1 kwa 87, Waingereza 1 kwa 76, na wote hao huendesha treni zao juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5. Sisi reli yetu ya zamani ilikuwa na upana wa mita moja kamili. Gawanya 1,000 kwa 87 upate milimita 11 na nusu, ndiyo sababu wanaounda treni za reli ya mita moja kwa kipimo hicho hutumia reli ya milimita 12. Kwa kipimo hicho Garratt inatoka na urefu wa sentimita 36 hivi, inaenea kwenye rafu ya sebuleni. Nimeona mtu akinunua injini ya kipimo kimoja na mabehewa ya kingine, na hakuna fundi awezaye kuvipatanisha.

Sasa shaba. Seti kubwa za injini nyingi huja kama mabati membamba ya shaba ya njano yaliyochongwa kwa asidi, pamoja na mfuko wa vipande vya aloi nyeupe: kuba la boila, bomba la moshi, vifuniko vya silinda. Bati la shaba lina mstari uliochongwa nusu kina mahali pa kukunja, na mstari huo karibu daima hubaki upande wa ndani wa kona. Kunja mara moja tu, taratibu, ukiwa umelibana kati ya vyuma viwili vilivyonyooka. Ukikunja, ukakunjua, ukakunja tena, shaba inakatika.

Kulehemu ndiko kunakowatisha watu, na mimi nilitishika kwa sababu. Pasi yangu ya kwanza, ya kulehemia redio, niliinunua Luthuli Avenue, na kwenye shaba ilifanya kazi nzuri. Nikaigusisha kwenye bomba la moshi la aloi nyeupe. Sikuwahi hata kuinua mkono. Ukingo wa bomba uliyeyuka ukadondoka mezani kama nta, na kipande kile hakikuuzwa peke yake popote. Nililichonga jingine kwa tupa kutoka kwenye kipande cha fimbo ya shaba, jioni tano mfululizo. Aloi nyeupe inahitaji pasi ambayo joto lake hupunguzwa na risasi maalumu ya kulehemia inayoyeyuka kwenye nyuzi 70 za Selsiasi. Risasi hiyo haishiki shaba tupu. Paka kwanza mahali pake pa shaba utando mwembamba wa risasi ya kawaida, acha upoe, halafu weka kipande cha aloi juu yake na risasi ya nyuzi 70. Kitashika kama kilizaliwa hapo. Fungua madirisha unapofanya kazi hii, osha mikono kabla ya kugusa chakula, na watoto wasikae karibu: risasi hizo nyingi zina madini ya risasi yenyewe na baadhi zina kadimiamu.

Kwenye chasisi usikubali chochote kilicho nusu. Garratt ina chasisi mbili, maana yake kosa linaweza kukaa mahali pawili. Magurudumu ya kulia na ya kushoto kwenye ekseli moja lazima pini zake zipishane kwa robo mzunguko, na ekseli zote za chasisi hiyo zipishane sawasawa. Funga vyuma vya kuunganisha magurudumu jozi moja kwa wakati, na kila ukifunga jozi, isukume chasisi juu ya kioo kwa kidole kimoja. Ikikwama, tafuta pini gani inabana na upanue tundu lake kidogo sana. Usifunge mota ukitumaini kwamba nguvu yake itashinda mkwamo. Mimi nasubiri mpaka chasisi iteleze yenyewe juu ya kioo nilichokiinamisha kidogo, bila kusukumwa. Ya nyuma ilinichukua wiki tatu. Baada ya hapo niliunganisha boila na chasisi zote mbili, nikaipitisha kwenye kona kali kuliko zote nilizonazo, ikiwa bado shaba tupu, kila pembe ikionekana. Bomba moja la mvuke lilikuwa linagusa fremu. Fikiria ningeligundua hilo baada ya rangi.

Ndipo tunafika kwenye karai.

Flaksi, ile dawa ya kulehemia inayosaidia risasi ishike, ni asidi. Ikibaki kwenye kona moja tu, miezi sita baadaye utaona doa la kijani likiinua rangi kutoka chini. Mafuta ya vidole nayo hufanya rangi isishike. Kwa hiyo chukua maji ya uvuguvugu, sabuni, Vim kidogo, na mswaki laini, usugue kila upenyo. Suuza. Sugua tena. Suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa (distilled), maana maji yetu ya bomba huacha chumvi. Acha ikauke siku nzima ndani ya boksi lenye kifuniko, na kuanzia hapo usiishike kwa mikono mitupu. Mimi huvaa glavu za mpira za duka la dawa. Usiku ule wa kwanza wa kuosha, injini ya shaba iling'aa chini ya taa kiasi kwamba mke wangu aliniuliza kwa nini niipake rangi kabisa. Nilifikiria swali lake kwa siku mbili.

Kuhusu rangi zenyewe: zile maalumu za treni za Uingereza ni nzuri, lakini rangi na thina zinawaka, na wauzaji wengi hawazisafirishi kwa ndege. Usisubiri. Kirinyaga Road wapo watu wanaochanganya rangi za magari siku nzima, na macho yao ni makali kuliko kitabu chochote cha rangi. Nilibeba picha na kipande cha plastiki nilichojaribia nyumbani, tukachanganya pale pale mpaka tukaridhika. Waombe pia praima, rangi ya kwanza ya chini, inayoshika kwenye metali isiyo chuma, ile ya asidi. Praima ya kawaida hubanduka kwenye shaba kwa ukucha.

Usiige rangi ya injini iliyoko makumbusho moja kwa moja. Jua limeipiga miaka mingi. Tena, kitu kidogo hupokea mwanga mdogo, kwa hiyo rangi halisi ikipakwa kwenye treni ya sentimita 36 huonekana nyeusi mno. Iongeze mwanga kidogo, lakini usitumie nyeupe tupu, utapata pinki. Sisi tulitumia tone la rangi ya chungwa na tone la krimu.

Nikukanye jambo moja lililonipotezea behewa zima la abiria. Nililipaka rangi ya mafuta, likakauka vizuri, nikapuliza juu yake rangi ya gari yenye thina kali. Ndani ya dakika mbili uso wote ulikunjamana kama malai juu ya chai. Rangi ya thina kali hukaa chini, ya mafuta hukaa juu. Kinyume chake usijaribu hata kama muuzaji amekuhakikishia.

Ukipuliza kwa kalamu ya hewa, changanya rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa, presha iwe kati ya psi 15 na 20, kama nusu hivi ya presha ya tairi la gari dogo, na umbali wa sentimita 10 hadi 15. Tabaka nyingi nyembamba. Wakati wa masika, mimi sipulizi kabisa siku ya mvua: unyevu ukinaswa ndani ya rangi ya thina, uso hutoka na weupe kama ukungu. Wenzetu wa Mombasa wanalijua hili zaidi yangu, nao hufanya kazi hiyo mchana wa kiangazi, saa tano hadi saa tisa.

Namba na majina ya stika za maji yabandike juu ya uso unaong'aa, kamwe si juu ya rangi butu, la sivyo hewa hunaswa chini na kuacha ukingo wa fedha. Kisha vanishi ya nusu mng'ao juu ya vyote. Mistari ya njano niliichora kwa kalamu ya chuma ya wachoraji ramani, nikijizoeza kwanza juu ya kopo la maziwa ya unga.

Kuichakaza treni ni kazi ya kutazama. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito, kwa hiyo usilipake vumbi la makaa. Weka michirizi myeusi, mizito, karibu na mdomo wa tangi la mafuta, na michirizi myeupe ya chumvi mahali mvuke unapovuja. Chini weka Tsavo. Nilileta udongo mwekundu wa Voi kwenye chupa, nikauchekecha kwa kitambaa cha melimeli, halafu nikapitisha sumaku juu yake. Sumaku ilitoka na manyoya meusi ya chuma. Hayo yakiingia kwenye mota, mota imekwisha, kwa hiyo pitisha sumaku mpaka itoke safi.

Ilipokamilika nilimpelekea mjomba. Aliiweka mapajani, akavaa miwani, akanyamaza muda mrefu. Aligusa chumba cha dereva kwa ukucha.

"Hapa si kweli," akasema.

"Wapi, mjomba?"

"Vyuma vya kushikia. Umevipaka rangi vizuri, mwanangu. Lakini sisi tulipanda hapa kila siku, na mikono ina mafuta. Havikuwa na rangi. Viling'aa."

Niliomba kipande cha nguo. Nilikichovya kwenye thina, nikakizungusha kwenye ncha ya kijiti cha meno, nikasugua chuma cha kushoto, halafu cha kulia, mpaka shaba ikatokea. Alisema nisimame kabla ya kufika juu, kwa sababu huko juu hakuna aliyeshika.