Nilipoisikia "Kaa nami" bila maneno

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: je, tuni za nyimbo tulizorithi kwa wamisionari zitungiwe muziki mpya wa kinanda, au ziachwe kama zilivyo kitabuni? Mimi ni Mwanglikana wa hapa Masasi, naimba sauti ya pili tangu usichana wangu. Nasema zitungiwe, na aliyenifikisha hapo ni kijana wetu mpiga kinanda.

Ilikuwa Jumapili moja ya Oktoba, msimu wa kuokota korosho, viti vingi vikiwa vitupu kwa sababu watu wako mashambani. Wakati wa Komunyo kijana akaanza kupiga kitu ambacho hatukukifahamu. Mkono wa kulia ulitembea polepole, nota ndogondogo zinapanda na kushuka kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Nilikuwa nimepiga magoti. Mara mkono wa kushoto, kule chini kwenye besi, ukaingia: mi mi re do. Ukatulia kidogo, ukaendelea: sol, la sol sol fa mi. Nikajua. Ni "Kaa nami".

Wimbo huo nimeuimba kwenye misiba mingi, ukiwemo wa mama yangu mzazi, hadi nikafikia mahali ambapo mdomo unaimba na moyo uko kwingine. Siku ile hapakuwa na mtu wa kuniimbia wala mimi sikutakiwa kuimba, kwa hiyo maneno yalinijia yenyewe, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na uzito wake. Bibi aliyekuwa mbele yangu alikuwa akiufuata wimbo kwa mguno, midomo imefumbwa, mabega yakitikisika. Sidhani kama alijua kwamba anasikika.

Muziki wa namna hii unamtegemea msikilizaji aliyeubeba wimbo kifuani. Mgeni asiyeujua atasikia kinanda kizuri basi. Sisi tuliokulia ndani ya nyimbo hizi tunasikia mambo mawili kwa pamoja, kile kinachopigwa na kile tunachokikumbuka.

Baada ya ibada wazee wawili walimwita kijana pembeni, wakamwambia anachezea wimbo wa marehemu. Wazee hao nawaheshimu, mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma nota. Lakini hata tuni hiyo wanayoilinda ilikuwa mpya siku moja. Maneno ya wimbo aliyaandika padri wa Kianglikana, Henry Francis Lyte, mwaka 1847, naye akafariki mwaka huohuo. Tuni tunayoiimba ilitungwa na William Henry Monk mwaka 1861. Lyte hakuwahi kuisikia.

Na kazi aliyoifanya kijana wetu haikuanzia Masasi. Katika makanisa ya Kilutheri ya Ujerumani mpiga kinanda alitangulia kuipiga tuni, akiipamba, ili waumini waikumbuke kabla hawajaimba. Mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach aliandaa daftari la kazi kama hizo kwa nyimbo 164, akakamilisha 46. Nyingi hazifiki hata dakika mbili, na tuni husikika wazi.

Hapo ndipo mimi na wale wazee tunapokubaliana. Kuna Jumapili utangulizi ulirefushwa na kupindwapindwa mpaka sisi wa kwaya tukakosa pa kuingilia, sauti ya kwanza ikaanza peke yake na besi ikafuata ikiwa imechelewa. Haifai. Kabla ya kuimba, mpigaji awe mfupi, na mistari yake ya mwisho itupe ufunguo na mwendo wa wimbo. Kazi ndefu zina nafasi yake, wakati wa Komunyo au watu wanapotoka.

Jambo moja zaidi, ambalo kwangu ni kubwa. Mnigeria Fela Sowande, aliyekuwa mpiga kinanda mjini London, alichukua tuni za Kiyoruba akazitungia muziki wa kinanda cha kanisani, na hazikupoteza Uyoruba wao. Kwa nini sisi wa Kusini tusithubutu? Hapahapa Masasi Askofu Vincent Lucas, mmisionari wa Kiingereza, aliliingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa, wakati wamisionari wengi waliona mila zetu ni za kuachwa tu. Ikiwa jando lilipata nafasi, tuni ya Kimakua au ya Kiyao itashindwaje kupita kwenye kinanda?

Nilimweleza kijana hayo. Kinanda chetu ni cha umeme, hakina pedali za miguu, kwa hiyo besi yote anaipiga kwa mkono wa kushoto na tuni anaificha humo. Akaniuliza kama nakumbuka wimbo wowote wa dini ambao bibi zetu waliuimba kwa Kimakua wakitwanga. Nilimwimbia mmoja, mara tatu, tumekaa kwenye ngazi za kanisa. Aliuandika kwa do re mi nyuma ya karatasi ya matangazo. Alipofika mstari wa pili alinisimamisha, akaniomba nirudie nota ya mwisho, kwa sababu haikuwa fa wala haikuwa fa iliyopandishwa. Nikarudia. Akaweka alama ya kuuliza juu yake, akakunja karatasi, akaitia mfukoni.