Logo yangu imekuwa kama doa

SWALI: Dada shikamoo. Mi ni kijana wa Mwanga hapa Kigoma, napiga picha za harusi na kuchora posta, sasa nakusanya kazi zangu ziwe potifolio nikaona nisikae bila logo. Nimetengeneza mwenyewe kwenye simu, nimeweka kamera, penseli, mchikichi, jua linazama ziwani, meli ya Liemba kwa nyuma halafu jina langu lote chini. Kwenye skrini kubwa inapendeza ila nikiiweka profail ya WhatsApp inakuwa kama doa, na fundi wa fulana kaikataa eti nimletee vekta. Nipunguze nini hapo? N.K., Mwanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Yani umeniuliza upunguze nini, mi naona tutafute cha kubakiza maana ni kidogo sana. Kamera kila mpiga picha anayo, mchikichi ni wa mkoa mzima, na Liemba hata usijisumbue, meli imeshushwa majini 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikaopolewa 1924, haina shida ya kutangazwa na wewe! Mtu akiiona hiyo picha anajua unatoka Kigoma, basi, wewe ni nani bado hajajua.

Chako hapo ni jina. Chukua biki na daftari uandike N na K hata mara 40, usifungue simu kwanza. Utaona kitu, ule mstari wa mwisho wa N umesimama wima, na K nayo inaanza na mstari wima, sasa kwanini uchore miwili? Fanya mmoja, herufi zishikane, halafu angalia mikono ya K inavyofunguka pale kulia, si kama mkia wa mgebuka? Ziwa limeingia lenyewe hapo na hujachora wimbi hata moja. (Tafadhali usiweke na jicho la samaki, nakujua.) Hii sio janja ya leo, Mjerumani Albrecht Dürer zaidi ya miaka 500 nyuma alikuwa anasaini kazi zake kwa A kubwa yenye D ndogo katikati ya miguu yake na watu bado wanaitambua.

Ukishapata umbo lijaze wino mweusi tupu, rangi baadae, kwasababu logo isiyosimama kwa rangi moja ukiipeleka kwa mchonga mihuri inakufa. Kisha ipunguze iwe saizi ya ukucha wa kidole kidogo, shika simu mbali kabisa uone kama unasoma. Mi logo yangu ya kwanza ilikuwa na vimistari vyembamba kama nywele nikajiona msanii kweli, nikaipeleka kwa fundi wa kudarizi aniwekee kwenye kofia, nyuzi zikashikana ikatoka kama mende kakanyagwa, na hela nilishalipa.

Kuhusu vekta fundi wako yuko sahihi. Hiyo uliyonayo ni picha ya vidoti, ukiivuta inapasuka, vekta yenyewe inatunza hesabu za mistari kwahiyo unaikuza mpaka ubao wa barabarani na kingo zinabaki safi. Ukipata kompyuta tumia programu ya Inkscape, ni ya bure, chora upya juu ya ile ya daftari usevu SVG, ndo faili la vekta, na PNG, yani picha ya kawaida, isiyo na bakgraundi kwa ajili ya kuweka juu ya picha. Chungwa lako likififia kwenye karatasi usigombane na mtu wa printa, kwenye simu rangi ni mwanga na kwenye karatasi ni wino, hazitoki sawa. Templeti za ile app ya Canva kwa logo mi sishauri, ileile uliyoipenda na mwenzako wa Ujiji anaiona, na siku ukitaka kuisajili BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, uwe nayo peke yako itakusumbua.

Kwenye picha za harusi iweke ndogo pembeni huko, kuna watu wanaibandika katikati ya kifua cha bibi harusi sijui wanamwogopa nani. Na ile faili yako ya zamani usiifute bwana, lile jua na Liemba litoe jina uliweke kwenye potifolio kama posta, hapo ndo mahali pake.